Mashine Iliyokula Chumba Chako

Nyumba ya Dwomoh,
Nyuma ya Soko, Oforikrom,
S.L.P. 214,
Kumasi.

9 Oktoba 2022.

Mpendwa Shemeji Yaw,

Nakusalimu wewe, Dufie na watoto, kwa salamu ndefu za mtu aliyekaa kimya muda mrefu. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia hilo ghala la Hamburg linakubebesha makasha kana kwamba huna mwenyewe. Baridi je, imeshaanza kuuma? Na Papa Kusi bado anakataa pilipili? Mwambie mimi mama yake mkubwa nasema mtoto asiyekula pilipili hapewi shamba huku.

Sisi hatujambo. Goti langu ndilo linaloamka kabla yangu na kuanza kulalamika, lakini nikishapika uji na kufagia uwanja, linasahau. Serwaa yuko Takoradi na mumewe na mtoto, wote wazima. Mvua imekuwa nyingi mwaka huu, na paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba wewe, kwa hiyo usijisifu tena mbele yangu kwamba wewe ni fundi.

Huenda unashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Simu hukatika pale maneno yanaponoga. Tena nyumba hii ina masikio, na mwenye masikio makubwa kuliko wote ndiye ninayetaka kumsema. Nataka nikueleze habari za kaka yako tangu mwanzo hadi wiki iliyopita, maana najua umekaa huko ukiamini kwamba amekukasirikia.

Hajakukasirikia, Yaw. Lifute hilo moyoni. Alipougua hukuja, naye alijua kabisa kwamba huwezi kuja, na hajawahi kulitaja kwa ubaya hata mara moja. Kama hapokei simu yako ya video, sababu ni mkono.

Uliambiwa kwamba kiharusi kilimwacha salama. Ni kweli kilimwachia mguu, akili na ulimi, na huo ulimi kingeupunguza kidogo nisingelalamika. Mkono wa kulia ndio uliobaki umelala. Unainuka hadi kifuani, vidole vinajikunja nusu, kisha unachoka na kushuka wenyewe. Daktari alisema afanye mazoezi. Kaka yako akaitikia vizuri kabisa, akarudi nyumbani, akauficha mkono chini ya kitambaa chake.

Wewe umelelewa na mama yuleyule, sina haja ya kukufafanulia. Mtu asiye na mkono wa kulia huku kwetu atamsalimia nani? Atapokea maji kwa mkono gani? Siku moja fundi bomba alimnyooshea mkono pale mlangoni, naye akatoa wa kushoto bila kufikiri. Yule fundi aliupokea tu, lakini nilimwona kaka yako Kwaku uso umebadilika kama mtu aliyeropoka tusi mbele ya wazee. Tangu siku hiyo akaacha kanisa, kwa kuwa kanisani kuna kupeana mikono. Akaacha misiba, kwa kuwa msibani unasalimia mstari mzima wa watu kuanzia kulia, mmoja mmoja, na hakuna pa kujificha. Mtoto wa Serwaa alipotolewa nje kupewa jina, babu yake alidai ana homa. Mtu mwingine ndiye aliyemwonjesha yule mtoto maji na kinywaji kwa niaba yake. Siku ile nililia, sikufichi.

Kisha akaacha oware, bao letu la mashimo kumi na mawili, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Unalijua lile benchi mbele ya kibanda cha cherehani cha Agya Bediako. Kaka yako na Bediako wamefungana na kutukanana kwenye benchi lile tangu wakiwa na nywele nyeusi. Baada ya ugonjwa, Bediako alikuwa akija kila Jumapili akitoka kanisani, anasimama getini na kuita.

"Dwomoh, toka nje nikufunge kabla chakula hakijaiva."

Kaka yako ananinong'oneza, "Mwambie nimelala."

"Amelala, Agya," nasema.

"Amelala huku amesimama? Miguu yake naiona chini ya pazia. Dwomoh, kete zimekutisha?"

Nami nilibaki katikati, nikidanganya watu wazima wawili ambao wote walijua ninadanganya. Mwisho Bediako akaacha kuja. Nikasikia anacheza na yule muuza rangi, mtu ambaye hajui hata kuhesabu kete bila kuzigusa. Kaka yako alisikia pia. Alikaa nyuma ya pazia lake Jumapili nzima, upepo ukileta kicheko cha barazani, na hakula. Sikuogopa kwamba atakufa, Yaw. Niliogopa kwamba ataishi hivyo miaka na miaka.

Sasa nikuambie habari ya mashine, na kwanza niombe radhi kuhusu chumba chako. Kitanda chako kimesimamishwa ukutani, godoro limekuwa ghala la nyaya, na dirishani pale ulipokuwa ukiweka manukato yako pana makopo ya bolti na nati. Ukija utalala sebuleni na utashukuru.

Ilianza na Serwaa. Alimtumia baba yake kwenye simu filamu fupi ya mzungu fulani aliyejitengenezea nyumbani mashine ya kuchonga mbao. Unachora umbo kwenye kompyuta, na mashine inalichonga yenyewe, bila mkono wa mtu kugusa ubao. Kaka yako aliitazama mara moja, akaitazama tena, akatafuta nyingine, na nyingine, mpaka kifurushi changu cha intaneti kikaisha nikiwa bado sijasikiliza mahubiri yangu. Usiku huo aliongea kuliko alivyoongea mwezi mzima. Nilidhani itapita.

Haikupita. Kile kibao kidogo cha umeme ambacho Serwaa alikuomba, ukaambiwa ni cha kufundishia shuleni, kilikuwa cha kaka yako. Ndicho kinachozipa mota amri. Alimkataza binti yake asikuambie, ati mdogo wake asijue kwamba mtu mzima anahangaika na michezo. Kwa hiyo wewe umeijenga mashine hii bila kujua, na kama kuna lawama kuhusu vumbi lililojaa nyumbani mwangu, fungu lako lipo.

Vitu vingine vilitoka Magazine, kule kwenye magereji. Unamkumbuka Fita Nimo, yule fundi magari mwenye sauti kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara? Huyo ndiye aliyezunguka kwa wauza vyuma chakavu akapata mashine za fotokopi zilizokufa, wakazing'oa mota. Vyuma virefu vyenye nyuzi za skrubu alivikata yeye. Reli ni zile za droo za makabati ya ofisi. Na mbao nzito ya kutengenezea meza, ili isitikisike, wakaona imejaa tele kwenye mlango wangu wa jikoni, kwa kuwa ni mlango wa zamani wa mti wa odum. Nilitoka sokoni nikakuta jikoni kwangu kuna pazia.

"Mlango wangu uko wapi?" nikauliza.

"Mama Serwaa, mlango ule ulikuwa unaliliza bawaba zake," kaka yako akasema. "Tumeupumzisha."

Nilitaka kugomba, lakini niliona ana vumbi la mbao kwenye nyusi, na kitambaa cha kufichia mkono kimetupwa kitandani. Nikaenda kupika nyuma ya pazia langu.

Mashine yenyewe si ngumu kuielewa, ingawa alinieleza mara nyingi kuliko nilivyoomba. Ni meza. Juu ya meza kuna daraja linalokwenda mbele na nyuma. Kwenye daraja kuna kichwa kinachokwenda upande huu na upande ule, na kichwa hicho kinapanda na kushuka. Kimeshika ile mashine ndogo ya seremala yenye ncha inayozunguka kwa kasi na kula mbao. Basi, ukiweza kwenda pande hizo tatu, unaweza kuchonga kitu chochote. Mtu aliyefunga nyaya za mitambo ya simu maisha yake yote hakuona tabu kwenye nyaya. Tabu ilikuwa kunyoosha. Daraja lilikuwa linapinda kidogo, na duara la kwanza alilochora lilitoka kama yai. Alilegeza, akapima, akakaza, siku baada ya siku.

Na hili ndilo nililokuwa nikilitazama kimyakimya. Bisibisi aliishika kwa kushoto, kwa kuwa chumbani hakuna wa kumwona. Mkono wa kulia alianza kuutumia kukandamizia vitu, kama jiwe. Baadaye nikaona unashika nati wakati kushoto kunakaza. Haukushika vizuri, nati zilidondoka na mimi ndiye niliyekuwa napiga magoti chini ya meza kuzitafuta, na goti langu hili. Lakini ulikuwa unashika. Mazoezi ya daktari aliyakataa, nati hakuzikataa.

Kabla ya kufunga ncha ya kukatia, walifunga kalamu ili kujaribu. Kaka yako alisema mashine iandike jina langu kwanza, kama fidia ya mlango. Tulisimama watatu, mimi, yeye na Nimo. Kalamu ikashuka, daraja likasogea, herufi zikatoka nzuri kabisa, zote zikitazama kinyume, kama jina linavyosomeka kwenye kioo.

"Mzee," Nimo akasema, "imeandika kinyumenyume."

"Naona."

"Nayo imepigwa na kiharusi. Ipeleke mazoezi."

Yaw, nilitamani ardhi immeze Nimo pamoja na sauti yake. Hakuna mtu aliyekuwa amelitamka neno lile mbele ya kaka yako kwa mzaha. Kaka yako alimtazama. Akaitazama karatasi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni ambacho wewe unakijua, akacheka mpaka akakaa juu ya godoro lako kwenye nyaya. Kumbe mota moja tu ilikuwa inazunguka upande usio wake. Alibadilisha nyaya mbili, jina langu likanyooka. Ile karatasi ya kwanza ndiyo niliyoitunza.

Sasa nakuja kwenye kosa lenyewe, na ni kosa ambalo mzungu wa kwenye filamu asingelifanya.

Kila mashine ya namna hii ina kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia. Mambo yakiharibika unakipiga na kila kitu kinasimama. Kaka yako alikifunga upande wa kulia wa meza. Nilimwona anakifunga, na mimi mwenyewe sikuona ubaya wowote. Kitu kitakachoamrishwa huamrishwa kwa kulia, ndivyo tulivyolelewa, mtoto akinyoosha kushoto anapigwa kofi la kiganjani. Hakuna kati yetu aliyekumbuka ni mkono gani ulio hai.

Siku ya kuchonga kwa kweli ilipofika, alikwenda chini ya kitanda chetu akatoa lile gogo la mti wa sese la marehemu baba yenu. Ndiyo, lilelile mlilokuwa mnagombania kulikalia jikoni kwa mama. Miaka yote alisema akistaafu atachonga humo ubao wa oware kwa patasi, na Jumapili nyingi nilimwona akilisugua na kulirudisha chini ya kitanda. Nilimwambia ajaribu kwanza kwenye mbao ya bei rahisi. Akasema amejaribu vya kutosha.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimetwanga fufu na kupika mchuzi wa chikichi, na kwa kuwa alikataa kula mpaka shimo la kwanza litoke, nilibeba bakuli langu nikakaa mlangoni mwa chumba chako nile huku natazama. Mashine ikanguruma. Ncha ikaingia kwenye gogo, ikazunguka taratibu, unga mweupe wa mbao ukaruka, na shimo la kwanza likatokea, duara safi, laini ndani kama bakuli. La pili likatokea. Kaka yako alisimama mbele ya meza, kitambaa begani, hajui hata kwamba anatabasamu.

Kwenye shimo la tatu kitu kikalegea. Ni kile kibano kinachoishikilia mota ya kupandisha na kushusha kichwa. Mtikisiko uliilegeza skrubu yake. Kichwa kikateleza chini, ncha ikazama ndani ya mbao kuliko inavyotakiwa, na daraja, ambalo halikujua lolote, likaendelea na safari yake. Gogo la baba yenu likaanza kulimwa mfereji mbele ya macho yetu, moshi unatoka, na mlio ule sitausahau.

Nilimwona akigeukia kitufe. Nikaona bega la kulia linainuka. Mkono ukainuka hadi kifuani, ukakwama pale, vidole vimejikunja. Na mkono wake wa kushoto, Yaw, ulikuwa mzima, uko wazi, umeachwa ubavuni, ungevuka meza kwa kufumba na kufumbua. Haukutikisika. Alisimama akiusubiri mkono wa kulia.

Mimi mkono wangu wa kulia ulikuwa na fufu na mchuzi hadi kwenye kifundo. Niliruka, bakuli likaenda zake, nikakipiga kile kitufe kwa kushoto.

Mashine ikasimama. Mchuzi ulikuwa unatiririka juu ya sakafu kuelekea kwenye nyaya.

"Umekipiga kwa kushoto," akasema, polepole.

"Ulitaka nikipige kwa mchuzi?"

Hakucheka. Alikaa chini palepale, akaweka kiganja cha kushoto juu ya ule mfereji, akaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mimi ndiye niliyekuwa karibu," akasema. "Mkono ulikuwepo, na sikuutuma. Nimesimama tu nausubiri huu, na gogo la baba linaliwa."

"Baba Serwaa," nikamwambia, kwa hasira na kwa huruma, sijui ipi zaidi, "baba yako angekiona kile kitufe angekipiga hata kwa kisigino. Tena asingemwomba mtu radhi."

Nilifuta mchuzi. Jioni alikula, akalala. Asubuhi nilipokuwa nawasha moto nilisikia bisibisi. Nikaenda kuchungulia. Kitufe chekundu alikuwa amekihamishia upande wa kushoto wa meza, na alikuwa anakipiga, anakiachia, anakipiga tena, mkono wa kushoto, kama mtoto aliyepewa kengele. Nikarudi kwenye moto wangu kimya, nisije nikamharibia.

Mashimo yaliyobaki yalitoka bila matata, isipokuwa umeme ulikatika katikati ya shimo la tisa na tukakaa kuusubiri kama watu wanaosubiri mkwe. Kupiga msasa alikufanya kwa mkono. Alijifunga karatasi ya msasa kwenye vidole vya kulia kwa utepe wa kitambaa, kisha akausukuma kwa kushoto, shimo moja baada ya jingine, hadi mbao ikawa laini kama ngozi ya mtoto. Ule mfereji nilimwambia auzibe kwa gundi na unga wa mbao. Akasema utakaa hivyohivyo.

Nilidhani ubao utawekwa juu ya kabati. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya kanisa kutoka, nilimwona amevaa shati lake la bluu. Hakuvaa kitambaa. Akaubana ubao kwenye kwapa la kushoto, akatoka. Hakusema anakwenda wapi, nami sikuuliza. Nilichukua kikapu nikajifanya nimekumbuka nyanya, nikamfuata kwa mbali, nyanya ninazo nyumbani za wiki nzima.

Barazani kwa Bediako walikuwa wengi. Mchezo ulikuwa umepamba moto, na walipomwona, kete zilikoma. Unajua inavyotakiwa: anayekuja ndiye anayesalimia, anaanzia kulia. Mtu wa kwanza kulia alikuwa Bediako mwenyewe. Kaka yako alisimama mbele yake. Aliuweka ubao chini. Nikaona mkono wa kushoto unaanza kutoka, unarudi, unaanza tena, na jasho linamtoka kwenye paji la uso, mtu aliyewahi kusimama mbele ya mawaziri akieleza mitambo yake. Nilishika kikapu changu mpaka mpini ukalia.

"Mnisamehe," akasema. "Nimekuja na mkono wa kushoto. Mwingine umenigomea."

Bediako hakuutazama mkono wa kushoto. Aliinama mbele, miwani yake ya kushonea ikiwa puani, akanyoosha mkono wake hadi ubavuni mwa kaka yako, akauchukua ule wa kulia pale ulipokuwa unaning'inia. Akauinua yeye mwenyewe. Akaushika vizuri kiganjani mwake, akautikisa, salamu yetu kamili ya kulizana vidole wakati wa kuachana, ingawa kilicholia ni chake peke yake.

"Huu sikugombana nao," akasema. "Amkeni, msalimieni mzee."

Wakasimama. Mmoja mmoja, kuanzia kulia hadi kushoto, kila mtu akauinua mkono ule, akausalimia, akauteremsha taratibu. Muuza rangi naye. Kaka yako alikuwa anawatazama usoni mmoja baada ya mwingine na machozi yanamtiririka mbele za watu, na hakuyafuta, maana mikono yote ilikuwa kazini. Mimi nilikuwa nalia kwenye duka la simu upande wa pili, na mwenye duka akaniuliza kama nimeibiwa.

"Sasa kaa," Bediako akasema, "nikufunge kwa mkono wowote utakaoutaka."

Wakacheza kwenye ubao wa gogo la baba yenu. Bediako aliupapasa ule mfereji unaotoka shimo la tatu, akauliza ni nini, akaelezwa. Akatangaza kwamba hiyo ni nyumba ya kumi na tatu, na kete yoyote itakayoteleza humo ni mali yake kwa kuwa yeye ni mkubwa. Waligombana hapo kwa muda mrefu na kwa furaha kubwa. Kaka yako alipanda kete kwa kushoto, na hakuna aliyegeuza uso. Alifungwa vibaya. Alirudi nyumbani jua linazama, akala mabakuli mawili, akaniambia Bediako ni mwizi.

Huo ndio uzima nilioutaka, Yaw. Mkono sijui kama utarudi wote. Daktari anasema umeongezeka nguvu kidogo, na mimi nimeamua kumwamini kwenye hicho kidogo. Krismasi anataka kwenda Takoradi kumsalimia mjukuu wake ipasavyo. Lakini sasa hivi kama unamtafuta kaka yako Jumapili mchana, hayuko nyuma ya pazia. Hilo pazia nimelifua na kulihamishia jikoni mahali pa lile la kwanza, kwa kuwa mlango wangu bado ni meza.

Kilichobaki kwenye gogo kilitosha ubao mwingine, mdogo, wa kukunjwa katikati kwa bawaba. Mashine inauchonga hivi ninavyoandika; nasikia inavyolia huko chumbani kwako, na yeye anaipigia mluzi. Huo ni wako. Nimetumwa nisikuambie, kwa hiyo ukiupata ushangae vizuri.

Mpigie Jumapili, saa za benchi. Piga ya video. Safari hii atapokea.

Msalimie sana Dufie, umwambie kitenge chake kipo na sijakivaa, isipokuwa mara moja. Mbusu Papa Kusi na dada yake Akyaa. Fita Nimo anakusalimu, na ungekuwa umeshamsikia mwenyewe hadi huko. Agya Bediako anasema ana nafasi ya mtu mmoja zaidi wa kufungwa. Serwaa na mumewe wanakukumbuka kila mara. Mungu aulinde mgongo wako, akupe kazi nyepesi na njia fupi ya kurudi nyumbani.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye bila kukusamehe paa,

Afriyie.

Karatasi amenipokonya kabla sijaifunga, akasema pana nafasi chini. Hayo yanayofuata ni yake, ameandika mwenyewe, amechukua muda wote ambao wali wangu umechukua kuiva:

Yaw mdogo wangu. Samahani nakuandikia kwa kushoto. Si dharau. Ndio mkono nilio nao. Njoo ufungwe. Kwaku.